Ukiona Vyanguruma, Vimeundwa

Wahenga wa mwambao walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Kauli hiyo ilizaliwa ufukweni, mbele ya chombo kilichokwisha tiwa tanga, lakini haikukusudiwa vyombo vya majini peke yake. Inakifaa pia chombo kimoja cha nchi kavu ambacho Wamarekani wengi waliokula chumvi hawachoki kukisimulia: gari la injini kubwa la miaka ya 1960, ambalo wenyewe hulipa sifa ya kuwa na misuli kama mpiga miereka. Anayelikumbuka hukumbuka lilivyonguruma. Ni wachache waulizao liliundwa na nani, na kwa gharama gani.

Historia yake ina ujanja ndani yake. Mnamo Januari 1963 kampuni ya General Motors iliyaamuru matawi yake yote yajitoe katika mashindano ya mbio. Na tayari ilikuwapo kanuni iliyozuia magari ya umbo la kati kutiwa injini kubwa kupita kiasi. Wahandisi wa tawi la Pontiac, chini ya John DeLorean, hawakuivunja kanuni hiyo, waliizunguka. Walilichukua gari la kawaida la familia liitwalo Tempest, wakalipachika injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 6.4 iliyokuwa ikitumika katika magari makubwa. Kisha, badala ya kulitangaza kuwa ni gari jipya, waliiorodhesha injini ile miongoni mwa nyongeza ambazo mnunuzi angeweza kuzichagua kwa kuongeza takriban dola 300. Nyongeza hiyo wakaiita GTO, jina walilolichukua kwa Ferrari ya Italia pasi na kubisha hodi. Kwa modeli ya mwaka 1964 pekee yaliuzwa magari zaidi ya 32,000, na kanuni ikajifia yenyewe.

Mwaka huo huo, tarehe 17 Aprili, Ford ilizindua Mustang, gari lenye nembo ya farasi mwitu anayetimua mbio. Katika mwaka wake wa kwanza ilipata wanunuzi zaidi ya 400,000. Watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wamefikia umri wa leseni. Mafuta yalikuwa rahisi, kazi zilikuwapo, na barabara mpya zilikuwa zikitandazwa toka pwani hadi pwani. Chevrolet, Dodge na Plymouth wakaingia uwanjani, kila mmoja akitaka kumpiku mwenzake. Kufikia 1970 Chevrolet Chevelle iliuzwa na injini iliyotajwa kuwa na nguvu za farasi 450. Farasi 450 wakafungwa chini ya boneti moja, na hatamu akakabidhiwa kijana aliyemaliza shule jana.

Masimulizi ya waliopanda magari haya hufanana. Kwanza huja sauti. Injini ilipowashwa asubuhi ya baridi, ilikohoa, ikasita, kisha ikatulia katika mpigo mzito usio na mpangilio, na gari zima likatikisika likiwa limesimama. Harufu ya petroli mbichi iliingia ndani. Klachi ilikuwa nzito kama mlango wa ghala, na mpini wa gia ulitetema katika kiganja. Dereva alipokanyaga mafuta, pua ya gari iliinuka, magurudumu ya nyuma yakalia, na abiria akasukumwa kitini kana kwamba kifua chake kimewekewa mkono. Pia hufanana katika kukiri jambo moja: magari yale yalijua kukimbia kuliko yalivyojua kusimama. Mengi yalitoka na breki za ngoma zilizopata moto na kulegea, na matairi yake membamba hayakupenda kona.

Lakini ukisikiliza kwa makini utaona kwamba mwendo ndio sehemu ndogo ya kumbukumbu. Anayesimulia huanza na idadi ya silinda, akaishia kwa mtu. Yupo kaka aliyelinunua gari kwa mshahara wake wa kwanza. Yupo rafiki aliyekaa kiti cha pembeni kiangazi kimoja kisha akapelekwa Vietnam, vita vilivyochukua maisha ya Wamarekani zaidi ya 58,000. Gari huwa sanduku la kuhifadhia wasiokuwapo.

Jukwaa mashuhuri la magari haya lilikuwa Woodward Avenue, njia pana itokayo katikati ya Detroit, karibu na mto, ikaenda kaskazini-magharibi hadi mji wa Pontiac, mwendo wa kilomita zipatazo 43. Katika usiku wa kiangazi wa miaka ya 1960, vijana wa vitongoji vya kaskazini waliizunguka njia hiyo kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine, wakisimama kwenye taa nyekundu sambamba, wakitazamana, wakingoja kijani. Hata wahandisi wa viwanda walifika pale na magari ambayo hayajaingia sokoni, wakaona kwa macho yao nani anamshinda nani.

Woodward hiyo hiyo ilipita karibu na upande mwingine wa habari. Detroit ilikuwa imejazwa na watu waliohama: Waamerika Weusi waliokimbia mashamba na ubaguzi wa majimbo ya kusini, na wazungu maskini kutoka milimani, wote wakifuata mshahara wa viwanda. Berry Gordy alifanya kazi katika kiwanda cha Lincoln-Mercury kabla ya kuasisi Motown mwaka 1959, na nyimbo za Motown ndizo zilizosikika katika redio za magari yale. Hivyo mji mmoja uliunda chombo, ukaunda na wimbo wa kukisindikiza.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 1967 polisi walivamia baa isiyo na kibali katika mtaa wa 12, waliko Weusi wengi. Ghasia zilizofuata zilidumu siku tano. Watu 43 walikufa na zaidi ya 7,000 wakakamatwa. Vifaru viliingia mjini. Mei mwaka uliofuata, katika kiwanda kikubwa cha Dodge kilichojulikana kama Dodge Main, wafanyakazi waligoma kwa sababu ya kuharakishwa kwa mstari wa kazi, na kutokana na mgomo huo vijana Weusi wakaunda chama chao, DRUM. Hapa ndipo neno mwendo linapobadilika maana. Kwa kijana wa Woodward, mwendo ulikuwa uhuru. Kwa aliyesimama mstarini, mwendo ulikuwa amri ya mtu mwingine, na kadiri ulivyoongezwa ndivyo mikono yake ilivyokuwa hatarini.

Ushairi nao una shahidi wake. Philip Levine, aliyezaliwa Detroit mwaka 1928 kwa wazazi Wayahudi waliotoka Urusi, aliingia viwandani akiwa na miaka 14, na baadaye akafanya kazi katika viwanda vya Cadillac na Chevrolet. Aliondoka mjini katika miaka ya 1950, kabla ya GTO kuzaliwa, lakini mji haukumtoka. Aliazimia kuwaandikia aliofanya nao kazi, watu ambao hakuwaona popote katika mashairi aliyosomeshwa. Diwani yake ya 1991, What Work Is, ni ya kazi yenyewe: zamu za usiku, ndugu waliochoka, foleni ya kungoja ajira. Mwaka 2011 aliteuliwa kuwa mshairi wa taifa, na alifariki 2015. Katika kumbukumbu za magari, Levine ni sauti inayotoka chini ya boneti.

Enzi ile haikudumu miaka kumi. Tangu 1966 ajali za barabarani Marekani zilikuwa zikiua watu zaidi ya 50,000 kila mwaka; kitabu cha Ralph Nader cha 1965 kilikuwa kimeyaweka makosa ya watengenezaji hadharani. Mashirika ya bima yakapandisha ada kwa vijana wenye injini kubwa. Sheria ya hewa safi ilitiwa saini Desemba 1970, na injini za 1971 zikaanza kupunguzwa ukali. Kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaizuilia Marekani mafuta, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda karibu mara nne. GTO ya awali ilikoma na modeli ya 1974.

Kilichokwisha kama chombo kikaanza upya kama hazina. Mustang iliyoendeshwa katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 ilinunuliwa na familia moja mwaka 1974 kwa dola 6,000. Mama wa nyumba aliitumia kuendea shuleni alikokuwa akifundisha. Januari 2020 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3. Na tangu 1995, kila Agosti, magari ya kale hurudi Woodward kwa maelfu, yakitambaa polepole mbele ya wazee waliokaa vitini kando ya njia.

Dodge Main haikupata wa kuihifadhi. Humo ndimo zilimoundwa Challenger za 1970. Kilifungwa 1980, kikabomolewa mwaka uliofuata. Wakazi zaidi ya 4,000 wa mtaa wa jirani wakahamishwa ili General Motors ijenge kiwanda chake, na mwaka 2021 kiwanda hicho kikaanza kutoa magari ya umeme. Hayo hayangurumi. Lakini yameundwa, na mikono iliyoyaunda inangoja kuulizwa habari zake.