Miaka 200 ya Uwanja wa Chekechea

Mwezi Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule za chekechea katika milki yake yote. Karl von Raumer, waziri aliyesimamia elimu, alidai kuwa zinapanda mbegu za ujamaa na ukanaji Mungu. Mwanzilishi wa shule hizo, Friedrich Fröbel, alikuwa mzee wa miaka 69. Kosa lake, ukiliangalia leo, ni kwamba aliwatoa watoto wadogo nje, akawagawia kila mmoja kishamba chake cha maua na mboga, akawaimbisha na kuwachezesha duara uwanjani. Alifariki mwezi Juni mwaka uliofuata. Marufuku ilikuja kuondolewa mwaka 1860.

Kwa hiyo mchezo wa mtoto wa miaka mitano chini ya jua haujawahi kuwa jambo dogo. Kwa miaka 200 sasa watu wazima wanavutana juu ya mahali pa mtoto: ndani kwenye benchi, au nje kwenye mchanga. Na ukifuatilia mvutano huo utaona kwamba waliomsukuma ndani mara nyingi hawakuwa wakitazama mahitaji yake, bali ya kwao: mtihani, ruzuku, woga wa serikali, au kodi ya nyumba.

Tuanzie Uskoti, siku ya Mwaka Mpya 1816. Robert Owen, msimamizi wa viwanda vya pamba vya New Lanark kando ya Mto Clyde, alifungua shule iliyopokea watoto mara tu walipoweza kutembea wenyewe. Walimu wa kwanza wa wadogo hao walikuwa mfumaji James Buchanan na Molly Young, msichana wa miaka 17. Owen hakutafuta wasomi. Alitaka watu wenye subira wanaopenda watoto, akawaagiza wasimpige wala kumtisha mtoto yeyote, na wasiwasumbue kwa vitabu. Hali ya hewa ikiruhusu, watoto walishinda uwanjani mbele ya jengo, na walipochoka ndipo waliingia ndani. Ni kweli Owen alinufaika pia, maana mama mwenye mtoto shuleni alirudi kazini. Lakini faida yake hakuitafuta kwa kuwafungia watoto chumbani, na hapo ndipo alipowazidi wengi waliomfuata.

Buchanan alihamia London, na huko akafahamiana na Samuel Wilderspin, aliyeanza kufundisha watoto wadogo Spitalfields mwaka 1820. Wilderspin alipanda maua na miti ya matunda uwanjani, akiamini kwamba mtoto anayepita kando ya tunda kila siku bila kulichuma anajifunza uadilifu kuliko anayekaririshwa amri. Lakini mtu huyo huyo alieneza pia mabenchi ya ngazi, yaliyopangwa kama jukwaa la watazamaji, ili mwalimu mmoja awafundishe watoto wengi kwa pamoja. Shule nyingi ziliyachukua mabenchi, miti zikaiacha. Mabenchi yalikuwa rahisi. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilipoanza kutoa ruzuku kwa kuangalia matokeo ya kusoma, kuandika na hesabu, uwanja ulizidi kupoteza thamani, kwa kuwa hakuna mkaguzi aliyelipa kwa ajili ya mtoto aliyejua kupanda mti. Hata chekechea za Fröbel, zilipoenea mijini, mara nyingi zilibaki na vijiti na vibao vyake vya mezani, vishamba vikasahaulika.

Waliourudisha uwanja kwa nguvu zote ni dada wawili, Rachel na Margaret McMillan. Habari yao inastahili kusimuliwa polepole. Mwaka 1910 walifungua zahanati ya watoto Deptford, mtaa wa maskini kusini mashariki mwa London. Wakatambua jambo lililowauma: mtoto anatibiwa, anapona, anarudi kwenye chumba chenye unyevu kisicho na hewa, na baada ya wiki chache yuko tena kwenye foleni. Dawa ilikuwa inapambana na nyumba, na nyumba ilikuwa inashinda. Basi wakaanza kuwalaza watoto nje, kwenye kambi bustanini. Mwaka 1914 wakafungua shule ya watoto wadogo ya hewa wazi. Madarasa yalikuwa mabanda yaliyoachwa wazi upande mmoja. Watoto walioga, walikula, walicheza na kulala mchana humo. Bustani ilikuwa na miti, mboga na mimea ya harufu, na Margaret alisisitiza kuwe pia na lundo la vitu vya kuokoteza, mawe na makopo, kwa sababu alijua mtoto hatosheki na kuangalia maua tu. Matege, ugonjwa wa mifupa ya watoto wasiopata jua na lishe ya kutosha, ulikuwa wa kawaida mitaani humo. Jua halikuuzwa dukani, na hapo lilipatikana bure. Rachel alifariki mwaka 1917, vita vikiendelea. Margaret aliendelea hadi alipofariki mwaka 1931, akiwa ameacha shule hiyo na chuo cha walimu chenye jina la dada yake. Kwangu mimi hakuna waliotoa hoja nzito zaidi, kwa sababu hawakuianzia kwenye nadharia. Waliianzia kwenye vifua na miguu ya watoto wagonjwa.

Kisha mwenge ukahamia Denmark. Mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, msanifu wa bustani Carl Theodor Sørensen alisaidia kuanzisha uwanja wa Emdrup, Copenhagen, ambako watoto walipewa mbao, misumari na mabaki ya vitu wajijengee wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, Ella Flatau alianza kushinda na watoto msituni huko Søllerød, na chekechea za msituni zikaenea Skandinavia. Ujerumani, nchi ya Fröbel, ilitambua rasmi ya kwanza ya namna hiyo huko Flensburg mwaka 1993.

Na kwetu? Afrika Mashariki haikuhitaji kufundishwa mchezo wa nje. Kombolela, rede, mdako, ukuti, kidali po, kupika kwa udongo katika cha baba na cha mama: yote yalifanyika uani na mitaani, mkubwa akimwangalia mdogo, bila mwalimu wala ada. Tulichokipokea kutoka nje ni kituo, na tukakipokea na mabenchi yake. Nchini Kenya, baada ya uhuru wa 1963, akina mama na vijiji walijenga shule za watoto kwa harambee, mara nyingi kwenye kiwanja cha kanisa au chini ya mti. Zilikuwa hafifu, lakini nyingi zilikuwa na nafasi. Mombasa, mwaka 1986, ulianza mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Walimu wake walitoka kwenye jamii hizo hizo, wakafundisha kwa vifuu, kombe na visoda, na ratiba ya siku ilikuwa na muda wa nje. Huo ni ushahidi kwamba mila, dini na mchezo havigombani.

Tanzania iliiweka elimu ya awali katika sera ya 1995, ikaipa uzito zaidi katika sera ya 2014. Mitaala ya Kenya na Tanzania leo inasema wazi kuwa mtoto wa umri huu hujifunza kwa michezo. Karatasi hazina kosa. Tatizo liko kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam na Nairobi, ambako kituo ni vyumba vitatu na kibaraza cha saruji, na kwenye mdomo wa mzazi anayesema, "Nimelipa ada asome, siyo acheze." Mwenye kituo anamsikia. Anaongeza madaftari, na uwanja, kama upo, unageuka maegesho ya basi la shule.

Mzazi huyo ana haki ya kujua mtoto anapata nini huko nje. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, 60 kati ya hizo zikiwa za kuhema kwelikweli. Huko Guangzhou, China, shule 12 zilifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2015: nusu ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 nje kila siku, na baada ya miaka mitatu waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa takriban asilimia 30, dhidi ya karibu 40 katika shule nyingine. Finland, watafiti walitandaza udongo na majani ya msituni kwenye nyua za vituo vya watoto. Ndani ya siku 28 bakteria wa ngozi wakawa wa aina nyingi zaidi, na dalili za kinga ya mwili zikaonyesha mabadiliko mazuri. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2020.

Hofu za walezi hazifai kupuuzwa. Mchanga ulio wazi unachafuliwa na paka na mbwa, na minyoo hupatikana hapo. Ufunikwe kila jioni. Jua la saa saba mchana ni kali. Mwarobaini au mwembe mmoja wenye kivuli una thamani kuliko bembea ya chuma inayounguza mapaja. Madimbwi yafukiwe, geti lifungwe, na mtu mzima awepo akiangalia, siyo akichezea simu. Haya ni mambo ya jembe, wavu na uangalifu, hayahitaji mfadhili.

Kanuni za China za mwaka 2016 zinazitaka chekechea ziwatoe watoto nje si chini ya saa mbili kila siku. Mamlaka zetu zinazosajili na kukagua vituo zinaweza kuweka sharti kama hilo na kukataa kukisajili kituo kisicho na ardhi. Wewe mzazi huna haja ya kuzisubiri. Kabla hujalipa ada ya muhula ujao, omba uonyeshwe uwanja, uliza watoto wanakaa nje kwa saa ngapi, na ukijibiwa kuwa wanatoka wakati wa uji tu, tafuta kituo kingine.