Sanamu ya Shakespeare na Jina la Aliyeilipia

Katika jiji la London, penye majumba mengi ya michezo ya kuigiza, ipo bustani iitwayo Leicester Square. Katikati yake imesimama sanamu ya marumaru ya William Shakespeare, ameegemea vitabu, akionyesha kwa kidole karatasi yenye maneno kutoka mchezo wake Twelfth Night. Maneno hayo yanahusu ujinga, adui ambaye sisi walimu twamfahamu vizuri.

Shakespeare alifariki mwaka 1616. Sanamu hii ni kazi ya Giovanni Fontana, aliyeiga ile iliyowekwa katika Westminster Abbey. Kabla yake uwanja ule ulikuwa umeachwa ukaharibika. Ndipo tajiri mmoja, Albert Grant, alipoununua, akaupanda miti na maua, na mwezi Julai 1874 akaukabidhi kwa umma. Jina lake likachongwa chini ya miguu ya mtunzi.

Utajiri wa Grant ulitokana na kuuza hisa za makampuni. Mojawapo, la mgodi wa fedha wa Emma huko Utah, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1871, liliwatia hasara watu wengi waliomwamini. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1899, mali yake imekwisha. Bustani ingali ikiwapumzisha watu, nalo ni jambo jema. Lakini tusisahau kwamba jiwe humsifu pia aliyelilipia.

Iko heshima nyingine isiyohitaji marumaru. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi naye alitafsiri Makbeth na Tufani. Kwa kazi hizo mtunzi wa Kiingereza alipewa ulimi wa Kiswahili, na Kiswahili kikathibitisha uwezo wake.

Hata hivyo, hatuna budi kujilaumu. Wengi wetu tumeyasomesha maandishi hayo kwa ajili ya mtihani tu, wanafunzi wakiinamia kurasa kimya. Mchezo usiosemwa kwa sauti haupati uhai, hata ukihifadhiwa vizuri namna gani kabatini. Basi tuwasimamishe vijana wetu mbele ya darasa, waseme na kutenda. Hiyo ndiyo sanamu tuwezayo kumjengea mtunzi yeyote, awe wa kwao au wa kwetu.