Kutoka Masjala hadi Wingu: Historia Fupi ya Kuorodhesha Mafaili

Katika ofisi za Serikali, mtu anayetaka kujua yapo majalada gani juu ya shauri fulani haendi kufungua makabati. Huenda masjala, akamwomba mtunza kumbukumbu amtazamie katika rejista. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu orodha ya majalada ni kitu kingine na majalada yenyewe ni kitu kingine. Aliyepewa orodha hana budi kuamini kwamba ameletewa kamili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ya rejista ilivyohamia katika kompyuta, tangu miaka ya 1960 hadi maktaba za nyaraka zilizowekwa katika kile kinachoitwa wingu, na jinsi istilahi tunazochagua zinavyoweza kumwongoza au kumpoteza mtumishi wa umma.

Neno faili lenyewe tumelipokea kutoka Kiingereza, na huko asili yake ni uzi: karatasi za ofisi zilitungwa uzini, kama wavuvi wetu watungavyo samaki. Jalada letu, kwa upande mwingine, lina udugu na ngozi iliyofunika kitabu. Neno moja latazama mpangilio, la pili latazama kifuniko. Kompyuta haikuwa na uzi wala ngozi. Ilikuwa na jina tu, na mahali ambapo jina hilo limeandikwa.

Katika mfumo wa kugawana muda wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961, kila mtumiaji alikuwa na saraka yake, na aliweza kuamuru aorodheshewe mafaili yake. Mwaka 1965, R. C. Daley na P. G. Neumann walieleza mpango wa mfumo wa Multics, ambamo saraka yaweza kuwamo ndani ya saraka nyingine, na hiyo ndani ya nyingine tena, mfano wa mti na matawi yake. Mfumo wa Unix, ulioanzwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, ulifuata njia hiyo, na mwongozo wake wa kwanza wa tarehe 3 Novemba 1971 unayo amri ya herufi mbili tu, "ls", ambayo ingali ikitumika hata leo. Katika siku hizo mwombaji na mafaili walikuwa katika mashine moja. Orodha ilikuwa orodha, basi.

Taabu ilianza mwombaji alipokuwa mbali. Tarehe 16 Aprili 1971, Abhay Bhushan alitoa pendekezo la kwanza la utaratibu wa kuhamisha mafaili kati ya kompyuta za mtandao wa ARPANET. Utaratibu huo ulipopewa sura yake ya kudumu mwezi Oktoba 1985, kwa maandishi ya Jon Postel na Joyce Reynolds, ulikuwa na amri mbili za kuorodhesha. Ya kwanza, "LIST", ilileta maelezo kwa ajili ya macho ya mtu: jina, ukubwa, tarehe na mengineyo. Ya pili, "NLST", ilileta majina matupu kwa ajili ya programu. Waandishi hao walikiri kwamba maelezo ya amri ya kwanza yangeweza kuwa magumu kwa programu kuyatumia, kwa kuwa kila mfumo huyapanga kwa namna yake.

Naomba msomaji alitue jambo hili moyoni, maana ndipo penye kiini cha historia yote. Mtu akisoma orodha hujaza mapengo kwa akili yake. Katika Unix, orodha ndefu huonyesha saa ya faili lililoandikwa karibuni, lakini la zamani huonyesha mwaka badala ya saa. Karani huelewa mara moja, programu haielewi mpaka ifundishwe. Kwa hiyo watunzi wa programu walikaa miaka mingi wakibahatisha safu ipi ni tarehe na ipi ni ukubwa. Ilipofika mwaka 2007 ndipo ulipotolewa utaratibu wa nyongeza wenye amri ya "MLSD", ambayo kila habari huitaja kwa jina lake. Miaka 22 ilipita kabla ya rejista kuandikiwa vichwa vya safu!

Wavuti nayo ilizaliwa bila rejista. Mtu aliweza kuomba ukurasa mmoja kwa anwani yake, lakini hapakuwa na njia ya kawaida ya kuuliza, "Humu mna nini?" Pengo hilo lilizibwa mwezi Februari 1999 kwa utaratibu wa WebDAV. Mwombaji hutaja na kina anachotaka: kitu chenyewe tu, au pamoja na vilivyomo moja kwa moja, au vyote hadi chini kabisa. Marekebisho ya mwaka 2007 yaliziruhusu seva kulikataa ombi la namna ya tatu, kwa kuwa ombi moja la mtu mmoja lingeweza kuilemea seva inayohudumia maelfu.

Hapo ndipo ukamilifu ulipoanza kupunguka. Hifadhi ya S3 ya Amazon, iliyofunguliwa mwezi Machi 2006, haikuwa na saraka hata moja. Ina ndoo, na ndani yake majina marefu yenye mikwaju, ambayo programu huyakata ili yafanane na saraka. Kwa ombi moja huleta majina yasiyozidi 1,000. Isitoshe, hadi Desemba 2020 faili lililowekwa sasa hivi liliweza lisionekane katika orodha kwa muda. Mtunza masjala angefanya hivyo angeandikiwa barua.

Maktaba za nyaraka za SharePoint, zilizoanza mwaka 2001, zina mpaka mwingine: mwonekano wa orodha ukigusa zaidi ya vitu 5,000 huweza kukataliwa. Siku hizi zaweza kuulizwa kupitia Microsoft Graph, ambacho ni kiolesura cha programu, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuiomba nyingine kazi. Mwombaji huitaja maktaba na kuomba "watoto" wa shina lake. Watoto wakizidi 200, na mwombaji asiwe ametaja idadi nyingine, huletewa 200 pamoja na kiungo cha kuombea wanaofuata. Asiyekifuata kiungo hicho hapati onyo lolote.

Nilipata kuona matokeo yake. Ofisi moja ilitengenezewa programu ya kuhesabu nyaraka zake, na kwa miezi mitatu mfululizo taarifa ilionyesha nyaraka 200 kamili. Hakuna aliyeshtuka. Aliyeshtuka ni mstaafu mmoja, aliyeambiwa kwamba hati zake hazimo, hali zilikuwamo tangu mwanzo. Mtunzi wa programu alikuwa ameufuata mwongozo wa Kiswahili, na mwongozo ulisema: "Ombi hili huleta mafaili yote yaliyomo." Katika asili palikuwa na neno lenye maana ya mkusanyo, mfasiri akaongeza "yote" kwa kuona Kiswahili kinanoga hivyo. Nilikuwa miongoni mwa waliopitia tafsiri hiyo, nami niliipitisha.

Tangu hapo nimeshindwa kukubaliana na wale wanaosema kwamba istilahi za kompyuta ni mapambo. Neno ukurasa, litumikalo kwa kila kipande cha orodha, lina hatari yake, kwa kuwa ukurasa wa wavuti hausemi kwamba upo wa pili. Napendekeza fungu: aliyepewa fungu hujua kuna mafungu mengine. Neno maktaba nalo humpeleka msomaji kwenye vitabu, ilhali kazi yenyewe ni ya masjala. Hata hivyo limekwisha enea, na sisi tulioona ngamizi ikishindwa na kompyuta hatupaswi kujidanganya kwamba tutalirudisha. Wingu laweza kubaki, mradi mwalimu aeleze kwamba ni majengo yenye mashine, na yana wenyewe.

Katika toleo lililosahihishwa sentensi ile sasa inasomeka hivi: "Ombi hili huleta fungu la kwanza la orodha, pakiwapo kiungo cha fungu lifuatalo, orodha haijakamilika."