Kupunguza uzito: Mbio za mwezi mmoja hazifiki mbali

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi mijini huanza kufikiria kupunguza uzito pale nguo ya harusi au ya sikukuu inapokataa kufungwa. Wiki hiyo hiyo huacha ugali na wali, hunywa maji ya ndimu asubuhi na kulala na njaa. Baada ya mwezi, kilo tano zimeondoka. Baada ya miezi sita zimerudi, na wakati mwingine zimerudi na nyongeza.

Hali hiyo haitokani na uvivu peke yake. Kilo za wiki ya kwanza huwa kwa sehemu kubwa ni maji, si mafuta. Zaidi ya hapo, mwili una tabia ya kulinda akiba yake: mtu anapokula kidogo kupita kiasi, hamu ya chakula huongezeka na nishati inayotumiwa na mwili hupungua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia washiriki 14 wa The Biggest Loser, shindano la televisheni la Marekani ambalo watu walipungua makumi ya kilo kwa miezi michache. Miaka sita baadaye, karibu wote walikuwa wamenenepa tena, na miili yao iliteketeza takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa.

Suala hili si la urembo tu. Unene uliokithiri huongeza uwezekano wa kupata kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani. Hapa Tanzania, takwimu za kitaifa zilionyesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi waliongezeka kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi asilimia 28 mwaka 2015-16.

Jipime kwanza

Kabla ya kuanza, ni vyema kujua ulipo. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), jibu la kati ya 18.5 na 24.9 ni la kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Pima pia kiuno, kwani mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi. Sentimita zaidi ya 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanamume ni dalili ya hatari kubwa.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60. Jibu lake ni 31.25. Si lazima arudi kwenye uzito wa ujana wake ndipo apate nafuu. Akipunguza asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 8, shinikizo la damu na sukari mwilini kwa kawaida huanza kushuka. Kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki, hiyo ni kazi ya miezi miwili hadi minne.

Utafiti mkubwa wa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2002, ulihusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa wakinyemelewa na kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31.

Sahani na mafuta

Hakuna haja ya kuukimbia ugali. Jambo la msingi ni kiasi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda, robo iwe ugali wa dona, wali au ndizi, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki au kuku.

Angalia pia mkono unaomimina mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, ya aina yoyote, kina takriban kalori 120. Sahani ya chipsi mayai huchukua zaidi ya hapo. Soda ya mililita 350 yenye sukari huweza kuwa na gramu 35 au zaidi, wakati WHO inasema ni bora mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 kwa siku nzima.

Kwa upande wa mazoezi, WHO inapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli kama kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani ni mwanzo mzuri usiohitaji kiingilio.

Tahadhari

Jiepushe na vidonge na chai zinazouzwa mitaani kwa ahadi ya kuyeyusha tumbo. Baadhi ya bidhaa za aina hiyo zimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kutokana na madhara kwa moyo na mishipa ya damu. Wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa za kisukari wamwone daktari kwanza. Na anayekonda bila kukusudia asifurahie, akapimwe.

Limebaki jambo moja ambalo halipimwi kwa mizani. Katika jamii yetu kitambi bado huitwa dalili ya maisha mazuri, na anayepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Wengi wameacha safari njiani kwa kuogopa maneno hayo. Familia inaweza kusaidia sana kwa kupika chungu kimoja chenye mafuta kiasi na mboga nyingi, ili anayepunguza uzito asile peke yake kama mgonjwa. Anayebadili jikoni la nyumba nzima ndiye mwenye nafasi kubwa ya kudumu na mabadiliko hayo, na watoto wake watakua wakiyaona kuwa ya kawaida.