Daraja na Haiba: Kuzisoma Sarafu za Pwani ya Afrika Mashariki

Neno sarafu na neno sarufi ni ndugu. Yote mawili yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kugeuza au kubadili: sarufi huchunguza namna neno linavyogeuka umbo, na sarafu ni kile anachokigeuza mbadilishaji fedha mezani pake. Udugu huo hauishii katika kamusi. Sarafu nayo ni maandishi: ina nyuso mbili, ina herufi, ina picha, na mara nyingine ina vina. Hivyo basi, kuuliza ni kitu gani kinachoifanya sarafu ya kale ipendeze si swali la wafanyabiashara peke yao. Ni swali la usomaji, na linawahusu wanaisimu na wanahistoria kama linavyowahusu wakusanyaji.

Jibu lililoenea zaidi ulimwenguni ni namba. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alichapisha kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake zilizotolewa kati ya 1793 na 1814, na humo akapendekeza kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Nia yake ilikuwa kuoanisha hali ya sarafu na bei yake. Katika miaka ya 1980 zilianzishwa Marekani kampuni zilizokichukua kipimo hicho, zikakitumia kwa sarafu za aina nyingi, na kuifungia kila sarafu katika kasha la plastiki lenye daraja lake. Faida yake haina budi kukubaliwa: mnunuzi aliye mbali hupata neno la mtu wa tatu asiyekuwa muuzaji. Hata hivyo, daraja hupima zaidi kile kilichopotea, yaani uchakavu, mikwaruzo na alama za kugongana. Sarafu mbili zaweza kupata namba moja, na bado mtazamaji akaichagua moja bila kusita. Wakusanyaji wenyewe walilikiri hilo: mwaka 2007 ilianza kazi huko Marekani kampuni ya kuzitazama upya sarafu zilizokwisha kupewa daraja na kuzibandika alama zile zilizo bora ndani ya daraja lake.

Kile kinachobaki baada ya namba kusemwa, Kiswahili kina neno lake: haiba. Haiba ya sarafu hutokana na mambo manne. La kwanza ni chapa, yaani jinsi mhuri ulivyokaa sawasawa na kuingia vizuri katika madini. La pili ni mng'aro. Mhuri unapogonga, madini hutiririka na kuacha vistari vyembamba mno, na mwanga huchezea juu ya vistari hivyo; anayeisugua sarafu huvifuta, na havirudi tena. La tatu ni rangi ya umri. Fedha ikikutana na salfa iliyo hewani hujivika utando mwembamba unaoanza na manjano na kuendelea hadi zambarau na buluu. Shaba nayo hugeuka hudhurungi. La nne ni mahali ilipo dosari: mkwaruzo ulio ukingoni husameheka, ulio juu ya jina au uso wa mfalme hausameheki.

Watu wa pwani walikuwa na jicho lao zamani kabla ya namba hizo. Sarafu ya fedha ya Maria Theresa wa Austria iliendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780, mwaka aliofariki, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Afrika Mashariki waliamini umbo hilo na si jingine. Ilikuwa na uzito unaozidi kidogo gramu 28. Mpokeaji aliyejua kazi yake hakuridhika na mizani; aliangalia lulu za bizimu iliyo begani na maandishi yaliyozunguka ukingo. Sarafu ya Kihispania yenye picha ya nguzo mbili iliitwa reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zile zilionekana kama mizinga. Jina hilo ni ushahidi wa usomaji: watu waliitazama picha, wakaipa maana kutokana na ulimwengu wao, na maana hiyo ikawa jina la fedha.

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyotolewa Tabora mwaka 1916 inaonesha jinsi daraja na haiba zinavyoweza kuachana njia. Vita Kuu ya Kwanza iliikatia koloni la Kijerumani njia ya kuletewa fedha kutoka Ulaya. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikapelekwa Tabora, na sarafu zikapigwa katika karakana ya reli. Zilitoka takriban 16,000 kabla mji haujatekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huohuo. Zina herufi T ya Tabora, na upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, milima ikiwa nyuma yake. Karakana ile haikuwa kiwanda cha fedha. Ndiyo sababu mtazamaji mwenye ujuzi hamlinganishi tembo huyo na sarafu za Berlin, bali na ndugu zake wa Tabora, akiuliza kama mkonga umetoka wazi na kama milima inaonekana. Tembo aliyepigwa vizuri kisha akachakaa kidogo mifukoni aweza kuwa na haiba kuliko yule ambaye hajaguswa lakini alitoka kwenye mhuri akiwa hafifu.

Hoja hii hupata uzito zaidi tukifika Kilwa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kama Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman, ni ndogo, na nyingi hazina tarehe. Lakini upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyopangwa ili mwisho wake upatane kwa kina na jina hilo. Kwa maneno mengine, sarafu hiyo ni mishororo miwili iliyopigwa mgongo kwa mgongo. Kipimo cha 1 hadi 70 kingeiweka chini kabisa. Msomaji huuliza jambo jingine: je, vina vyote viwili bado vinasomeka? Ikiwa upande mmoja umefutika, kilichobaki ni nusu ya beiti.

Tena, haiba ya sarafu ya Kilwa haimo katika shaba yake tu. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Bila habari ya mahali zilipookotwa, hizo zingekuwa vipande vya shaba kama vingine.

Hapa ndipo penye hatari. Waswahili husema kizuri chajiuza, na muuzaji anayetaka sarafu yake ijiuze huisugua kwa ndimu na majivu kama anavyosugua sinia la shaba. Inang'aa, lakini mng'aro huo si ule wa mhuri. Ni wa kitu kilichochunwa ngozi. Katika shaba ya kale iliyoliwa na chumvi, mara nyingi umbo la herufi limehifadhiwa ndani ya utando uleule unaosuguliwa. Kinachokwenda na majivu ni kina cha shairi, na hakuna namba itakayokirudisha. Ikiuzwa bila kutajwa kisiwa wala shamba ilikookotwa, imepoteza na nusu ya pili ya historia yake.

Kwa hiyo kuihukumu haiba ya sarafu si anasa ya wenye fedha. Ni kujua kitu gani kisiguswe. Daraja litamwambia mtu sarafu imechakaa kiasi gani; ni msomaji pekee atakayemwambia bado inasema nini.