Kura 6.721 zilizozaa bunge la Wales

Wandugu, tunapenda kusema: "Kura yangu moja itageuza nini?" Tuangalie Wales, ndani ya Uingereza.

Tarehe 18 Septemba 1997 raia waliulizwa kama wanataka bunge lao. Ndiyo ilipata kura 559.419, hapana 552.698. Tofauti ni 6.721 tu, na karibu nusu ya wapiga kura walibakia nyumbani.

Bunge lilianza mwaka 1999 kule Cardiff, na wajumbe 60. Lakini sheria kubwa zilikuwa bado zinatoka London. Wao walijaza tu mambo madogo ndani yake. Mwaka 2011 raia wakaulizwa tena: bunge lijitungie sheria lenyewe? Safari hii 63,5% walikubali. Tangu 2018, London inaandika yale inayojiwekea, kama jeshi na mambo ya inchi za inje. Yenye kubakia ni ya Wales: masomo, afya, hata kilimo.

Sasa angalia jambo moja. Mamlaka ya Wales yanasimama juu ya sheria ya kawaida, na bunge la London linaweza kuigeuza. Sisi Congo, katiba ya 2006, kifungu 220, inakataza kupunguza mamlaka ya majimbo. Kwa karatasi tunawapita.

Wao waliongeza nguvu kidogo kidogo kwa kura zao. Basi tujiulize: deputé wako wa jimbo, unajua jina lake? Umekwisha kumuuliza nini?