Chai ya Asubuhi Qurum: Historia Iliyomo Sahanini

Leo tunakwenda Qurum, mtaa wa pwani katika jiji la Maskati, nchini Oman, kutazama jambo ambalo wanahistoria wengi hulipita: chai ya asubuhi katika mgahawa wa mtaani.

Baada ya sala ya alfajiri, migahawa midogo ya Maskati huanza kujaa. Mezani huletwa karak, yaani chai nzito ya maziwa na iliki. Huletwa chapati za mafuta, mayai, na mkate mwembamba wa Kiomani uitwao rukhal, uliopakwa jibini na asali. Wapishi wengi ni watu wa Kerala, kusini mwa India. Lakini wapo pia walaji wanaotaka mandazi, na nyumbani kwao mbaazi za nazi si chakula kigeni. Msikilizaji wa Mombasa au Unguja hahitaji mkalimani hapo, kwani mandazi Maskati huitwa mandazi.

Maneno ya mlo huu yana nasaba yake. Karak ni neno la Kihindi lenye maana ya kitu kikali. Mgahawa limezaliwa na kahawa, na ile sauti ya "g" ndiyo inayosikika Ghuba, ambako wengi husema "gahwa". Staftahi, jina la kale la kifungua kinywa, limetoka katika neno la Kiarabu la kufungua. Basi majina yote mawili yanasema jambo moja. Nalo neno futari, ambalo sisi tumelitengea jioni ya Ramadhani, lina ndugu yake katika Kiarabu anayetumika kwa chakula cha kila asubuhi.

Jina la Qurum pia si geni kwetu. Maana yake ni mikoko, na miti hiyo ingali hai katika hifadhi iliyo ndani ya mtaa. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, na yalirudi na kusi yakibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Boriti hizo ndizo zilizoezeka nyumba za Arabuni, na urefu wake ukaamua upana wa vyumba.

Kilichokuwa biashara kikawa dola. Mwaka 1698 Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Kati ya mwaka 1832 na 1840 Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja. Alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India, akaamua Zanzibar na Maskati zitengane, Zanzibar ikiilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Hata hivyo, tusiiremebeshe historia hii kwa harufu ya iliki peke yake. Utajiri wa karafuu wa Unguja na Pemba ulijengwa juu ya migongo ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897, lakini uchungu haukufungwa pamoja na soko. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliung'oa usultani. Watu wengi waliuawa, na maelfu wakakimbia. Baadhi yao walizaliwa Unguja, na baba zao pia walizaliwa huko, wala Oman hawakuwahi kuiona.

Oman yenyewe wakati huo ilikuwa maskini na iliyojifunga. Mafuta yalianza kusafirishwa mwaka 1967 kutoka Mina al Fahal, jirani na Qurum. Sultan Qaboos aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali. Akawaita Waomani wa ng'ambo warejee. Waliotoka Zanzibar walikuwa na elimu na Kiingereza, na wengi waliajiriwa katika wizara, shule na kampuni ya mafuta. Kijiji cha wavuvi na mashamba kikageuka mtaa wa maduka na majumba. Kwa hiyo, mgahawa unaoitwa wa zamani Qurum ni rika la kizazi hicho: umri wake ni umri wa kurejea kwao.

Kizazi hicho sasa kinazeeka. Walirudi katika nchi ya mababu wakakuta Kiarabu chao kinachekwa, na wengine wakaitwa "Wazanzibari" na ndugu zao wenyewe. Huko walikotoka walikuwa wameitwa "Waarabu". Mezani ndipo Kiswahili kilipopata hifadhi. Wajukuu wao hukisikia kwa bibi, kisha hujibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Yumkini siku moja mandazi yatabaki Maskati na lugha iliyoyapa jina itakuwa imeondoka, kama vile sisi tunavyokula chapati bila kujua Kihindi.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtu aliyezaliwa Pemba, akalelewa kwa Kiswahili na kuzeekea Qurum, asili yake ni ipi? Pasipoti ina jibu moja. Sahani yake ya asubuhi ina majibu matatu, na hakuna hata moja lililo la uongo. Anayetaka kuihifadhi historia hiyo asingoje maktaba. Na aketi na wazee wakati chai ingali moto, na awaulize kwa Kiswahili.